Mawifi wa Maabara ya Utando

Wanafunzi walimwita Ndimu, na yeye alijua. Hakuwakataza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, koti lake la maabara limepigwa pasi mpaka ncha za mikono, na uso wake ulikuwa umeshakasirika kabla hujamwambia lolote. Ukimsalimia asubuhi alikuitikia vizuri tu, ila uliondoka ukihisi umemkatiza jambo la maana.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifuko vya mafuta. Si mafuta ya kukaangia. Kila seli, iwe ya mtu au ya bakteria, imevikwa utando mwembamba mno uliojengwa kwa mafuta ya aina yake, yakiwa yamejipanga safu mbili. Vichwa vyake vinapenda maji, kwa hiyo vinatazama nje na ndani ya seli. Mikia inayakimbia maji, kwa hiyo imejificha katikati. Ndimu alikuwa akiyachukua mafuta hayo yaliyosafishwa, anayakausha yabaki kama ukungu kwenye kioo cha chupa, kisha anatia maji yenye rangi na kuyatikisa. Mafuta yanajikunja yenyewe na kuwa vifuko visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimefungia rangi tumboni. Kitu kikivitoboa, rangi inavuja na mashine inaiona.

Ufundi wote ulikuwa kwenye mchanganyiko. Ukiweka kwa wingi mafuta yenye chaji hasi, unapata utando unaofanana na wa bakteria. Ukiweka mafuta yasiyo na chaji pamoja na kolesteroli ya kutosha, unapata utando uliobanana, mgumu kuingilika, kama upande wa nje wa seli ya binadamu mzima. Ndimu alivipatia vyote viwili bila kubahatisha. Hakuna aliyembishia juu ya hilo, hata wifi yake, ingawa wifi yake alimbishia karibu kila kitu kingine chini ya jua.

Wifi huyo alikuja maabara akiwa mgeni, naye ana shahada zake kama Ndimu. Akapewa nusu ya meza ya Ndimu, wakakaa bega kwa bega. Mwanzoni walipatana, tena sana. Ndimu, ambaye hakuwa mtu wa kukaribisha watu, alimkaribisha nyumbani kwa mama yake. Huko mgeni akamkuta mdogo wake Ndimu, fundi cherehani, anashona huku mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, umefungwa bandeji kuanzia kifundo.

Huyo mdogo mtu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa ambao seli nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa na kumwachia mtu maumivu ambayo hayana mlango wa kutokea. Utotoni Ndimu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda hospitali mama alipokuwa kazini. Alijifunza kuchungulia macho yake kama yamepata rangi ya manjano kabla ya kujifunza kusoma vizuri. Ukubwani kikamwota kidonda mguuni, kama kinavyowaota wengi wenye ugonjwa huo, na kidonda hakikutaka kufunga. Hata hivyo alikuwa mcheshi, mwepesi wa maneno, na siku ile alimchekesha mgeni mpaka chai ikampalia. Wiki iliyofuata mgeni alirudi, na safari hii si Ndimu aliyemwalika.

Habari ya kuoana ilipofika mezani, Ndimu alimwambia mama yake bila kuzunguka, "Yule anamwonea huruma tu, mama. Huruma ikiisha ataondoka. Mwaka hautaisha."

Mgeni mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alisikia kila neno. Akaliweka sinia mezani, akamimina chai bila kumwaga hata tone, kisha akamsogezea Ndimu kikombe.

"Sukari utaweka mwenyewe, wifi," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na tangu siku hiyo neno hilo halikupata kuwa tamu midomoni mwake.

Wakaoana. Mwaka ukaisha, ikaja mingine. Wifi hakuondoka. Alikiosha kile kidonda, akakifunga, akakesha na mumewe maumivu yalipomshika, na kila mwaka uliopita ulikuwa jibu lililotumwa kwa Ndimu. Ndimu angeweza kusema kwamba alikosea. Hakusema. Badala yake alibandika utepe mwekundu katikati ya meza yao ya maabara, kutoka ukutani mpaka ukingoni, na kuanzia hapo pipeti ya huyu haikulala upande wa yule. Walizungumza kazi tu, tena kwa maneno ya kuhesabu. Wageni walipowauliza kama ni ndugu, kila mmoja alimwachia mwenzake ajibu.

Mambo yakazidi kuharibika Wifi alipounda peptidi yake. Peptidi ni kipande kifupi cha protini, kama mnyororo, na hii ilikuwa na pande mbili: upande mmoja una chaji chanya, mwingine unapenda mafuta. Ikikutana na bakteria, chaji chanya inavutwa na chaji hasi za utando wake, inajilaza juu yake, halafu ule upande mwingine unazama katikati ya mikia. Zikizama nyingi, utando unatoboka na bakteria anakufa. Wifi alitaka itiwe kwenye marhamu ya kupaka vidonda vile ambavyo dawa nyingine zimeshindwa. Mkuu wa idara, mzee mmoja mpole aliyechukia kelele kuliko alivyochukia makosa, aliipenda sana. Akampa Wifi uongozi wa mradi mzima, na Ndimu, aliyemtangulia kazini, akawa mtu wa kuletewa maombi: wifi anataka vifuko hivi, wifi anataka vifuko vile.

Ndimu akasema peptidi ile itapasua damu. Alisema ule upande unaopenda mafuta ni mrefu kupita kiasi, kwamba hautachagua kati ya bakteria na mtu. Alilisema kwenye korido, akalisema kwa mkuu, akalisema kwa watu ambao hata hawakuuliza. Mwishowe Wifi akachoka, akaitisha jaribio mbele ya wote.

Walileta damu ya watu wazima wa afya njema. Wakatia peptidi, wakasubiri, wakaweka kwenye mashine ya kuzungusha. Kama seli zingepasuka, maji ya juu yangekuwa mekundu. Yalitoka meupe, na seli zote zikiwa zimetulia chini ya kichupa, nzima kabisa. Vifuko vya Ndimu mwenyewe, vile vya kolesteroli, navyo havikuvuja. Wifi alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza polepole upande wa wifi yake.

"Umeona, au nikuletee tochi?"

Watu wakacheka, hata mkuu wa idara. Ndimu akakusanya vitu vyake, akatoka akiwa amenyoosha shingo. Lakini kicheko kile kilimkaa rohoni. Kuanzia siku hiyo akawa anatafuta damu itakayopasuka. Nasema alitafuta, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Angependa watu waamini kwamba alikuwa na wasiwasi juu ya wagonjwa, na baadaye wapo walioamini. Ukweli ni kwamba alitaka kile kicheko kirudi kilikotoka.

Jumamosi moja alipita dukani kwa mdogo wake. Lilikuwa duka jembamba lenye kioo kirefu, pazia la kupimia nguo, na vipande vya vitambaa vimetapakaa chini kama majani. Mdogo wake alikuwa anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, ule mzima.

"Dada, umekuja kunitazama mimi au kukitazama kidonda?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na kidonda. Watu wanakiita kidonda ndugu, na kweli, ndiye ndugu pekee anayeshinda na mimi kutwa."

Ndimu hakucheka. Alichutama, akakitazama. Kingo zake zilikuwa ngumu, na katikati palikuwa pabichi.

"Kimepanuka," alisema.

"Kitafunga. Mke wangu anasema majaribio ya ile marhamu yakianza nitaandikishwa mapema. Nimemwambia aniwekee nafasi ya mbele, kama ya mgeni rasmi."

Ndimu alibaki amechutama. Kuna jambo alilolijua miaka mingi, alilolisoma kwa ajili ya mdogo wake huyu. Katika seli nyekundu iliyo nzima, mafuta yenye chaji hasi hukaa safu ya ndani ya utando, na seli hufanya kazi maisha yake yote kuyarudisha ndani kila yanapoponyoka. Kwenye selimundu, ulinzi huo huchoka. Seli nyingi huwa na mafuta hayo upande wa nje, wazi kabisa, kama ya bakteria. Wifi naye alilijua jambo hilo, tena alilisoma kwa ajili ya mtu huyohuyo. Wote wawili walikuwa nalo kichwani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelikutanisha na peptidi.

"Nipe damu yako kidogo," alisema Ndimu.

"Ya nini?"

"Ya kupima kitu maabara."

"Mke wangu anajua?"

"Hajui."

Mdogo wake aliacha kukanyaga cherehani. "Ni kwa ajili ya dawa?"

"Ni kwa ajili ya dawa."

Ilikuwa nusu ya ukweli, na wote wawili walijua kwamba nusu nyingine ipo. Lakini alikuwa dada yake aliyembeba mgongoni. Akaingia nyuma ya pazia, akakunja mkono wa shati. Ndimu alikuwa na mkono mwepesi wa sindano. Alipomaliza alimbandikia pamba, akaondoka hata chai hajanywa.

Alifanya jaribio akiwa peke yake, mlango ameufunga. Damu kiasi kilekile cha mara ya kwanza, peptidi ileile. Mashine iliposimama akafungua kifuniko. Maji ya juu yalikuwa mekundu. Chini palibaki seli, lakini nyingi zilikuwa zimepasuka na kumwaga rangi yake yote. Akarudia. Yakawa mekundu tena.

Ndimu alipiga meza kwa kiganja, akacheka kwa sauti, peke yake kati ya zile kuta nyeupe. Alikuwa na kichupa mkononi na tayari anamwona wifi yake anavyokitazama. Ilimchukua muda kukumbuka damu ile ni ya nani. Alipokumbuka, alikirudisha kichupa kwenye kishikio chake taratibu, akaketi. Peptidi ile ikipakwa kwenye kidonda cha mdogo wake, itakutana na damu iliyo kama hiyo. Kidonda kitajila chenyewe.

Bado alikuwa na nafasi ya kufanya jambo la kiungwana. Chumba cha Wifi kilikuwa hatua chache kutoka pale, na taa yake ilikuwa inawaka. Ndimu alipita mlangoni, akaiona, akaenda zake. Alisubiri kikao cha idara.

Siku ya kikao aliweka vichupa viwili mezani, kimoja cheupe, kimoja chekundu, akaeleza. Alieleza vizuri, hilo tumpe. Alieleza kwamba peptidi haichagui mtu au bakteria, inachagua mafuta. Kwamba palipo na chaji hasi upande wa nje itaingia, hata kama nyumba ni ya binadamu. Na kwamba wenye selimundu, ambao ni wengi miongoni mwa wenye vidonda vya miguu, ndio itakaowaumiza. Wifi hakukitazama kichupa. Alimtazama Ndimu.

"Damu ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Nimeuliza ya nani. Hujaomba kibali, ningekiona. Hospitali haiwezi kukupa. Mgonjwa wa selimundu unayeweza kumfikia bila kibali namjua mmoja tu."

"Basi umeshajijibu," alisema Ndimu.

Mkuu wa idara aliyechukia kelele alipiga kalamu mezani akasema kikao kimekwisha. Siku hiyohiyo Ndimu alinyang'anywa ufunguo wa chumba cha baridi na akazuiwa kugusa damu ya mtu yeyote mpaka kamati ya maadili iamue. Alichokipata hakikuruhusiwa kuandikwa popote, kwa sababu kilipatikana kwa njia ya panya.

Wifi alimngoja kwenye ngazi.

"Ulisema sitamaliza mwaka," alisema, bila kupandisha sauti. "Nimekaa. Nimekiosha kile kidonda asubuhi na jioni, nimekizoea mpaka harufu yake. Wewe ukaenda kumtoboa mkono nyuma ya pazia ili unishinde kikaoni."

"Ningekuambia ungenisikiliza?"

"Hatutajua, maana hukuniambia. Na angepakwa ile marhamu? Ungekaa na kichupa chako mpaka siku ya kikao, eti?"

"Majaribio hayajaanza."

"Hilo ndilo jibu lako. Majaribio hayajaanza." Wifi alishuka ngazi mbili, akageuka. "Nitaomba kibali. Nitakusanya damu kwa njia halali, ya watu wengi, na nitaonyesha kwamba umekosea. Nataka sana uwe umekosea. Najua na wewe kuna sehemu yako inayotaka hivyo, lakini ni ndogo mno, wala sitaihangaikia."

Kibali kilichukua muda, kisha kikaja. Watu wenye selimundu walijitolea, Wifi akaanza kazi. Alihitaji pia vifuko: mfululizo wake, kuanzia visivyo na mafuta yenye chaji hasi upande wa nje, kisha kidogo, kisha zaidi, aone peptidi inaanza kuzama wapi. Mtu wa kuvitengeneza alikuwa mmoja tu. Ombi lilipitia kwa mkuu wa idara, ambaye sasa alikuwa tarishi kati ya watu wawili walioketi chumba kimoja.

Hapo Ndimu alijaribiwa. Angetia mafuta ya chaji hasi kidogo tu zaidi ya yaliyoandikwa kwenye kibandiko, peptidi ingeonekana mbaya zaidi kuliko ilivyo, na hakuna ambaye angetambua haraka. Alivitengeneza kama vilivyoombwa, sawasawa, akaviweka upande wa pili wa utepe na kwenda zake. Wifi alichukua sehemu ya kila kichupa akapeleka kwenye maabara nyingine ipimwe. Majibu yalirudi kwamba mchanganyiko ni sahihi. Hakumwomba radhi, na Ndimu hakutarajia.

Kisha vifuko vikaanza kusema. Pasipo na chaji hasi, peptidi ilielea juu tu isipate pa kushika. Chaji hiyo ilipowekwa kidogo, peptidi ilijilaza juu ya utando bila kuingia. Ilipozidi, rangi ikaanza kuvuja, na kadiri ilivyozidi ndivyo ilivyovuja kwa kasi. Kolesteroli ilipunguza kasi hiyo lakini haikuizuia. Damu za waliojitolea nazo zikapasuka, nyingine zaidi, nyingine kidogo, kufuatana na wingi wa seli zilizokuwa na mafuta ya ndani upande wa nje. Wifi alirudia na kurudia, akabadilisha kila alichoweza kubadilisha, mpaka mikono ikamchoka. Alisimama mwenyewe mbele ya idara na kusema peptidi yake haifai kwa watu hao. Kwenye ripoti aliandika kwamba aliyeona kwanza ni Ndimu.

Ndimu alimfuata mezani. "Hukulazimika kuniandika."

"Nimekuandika kwa sababu ni kweli. Usinishukuru, utanitapisha."

Uamuzi ukatoka: marhamu itajaribiwa, lakini mwenye selimundu haruhusiwi kuandikishwa. Na mtu wa kumpelekea fundi cherehani habari hiyo alikuwa mkewe.

Jumapili wote waliitwa kwa mama. Mama alikuwa mwanamke mfupi aliyestaafu uuguzi, magoti yameanza kumsumbua, ila jicho lake lilikuwa bado la wodini. Aliwapanga kwenye viti kama wagonjwa. Ndimu aliingia akiwa na hotuba yake tayari. Alitaka kusema kwamba amemwokoa mdogo wake, na ilikuwa kweli.

"Nimekuepusha na balaa," alianza. "Ungepakwa ile dawa mguu ungeoza."

Mdogo wake alikuwa anautazama mguu wake.

"Dada, sikatai. Mke wangu ameniambia. Dawa ingeniumiza, sawa. Ungekuja dukani ukaniambia, ungeniambia unaogopa, ningekupa ndoo nzima ya damu. Lakini hukuogopa. Ulitumia damu yangu kumpigia mke wangu mbele za watu."

"Sikuwa na njia nyingine."

"Ulikuwa na mlango wa chumba chake. Anasema alikuwepo siku ile, na taa inawaka."

Ndimu akamgeukia mama yake, kama mtu anayetafuta kiti. Mama alitikisa kichwa.

"Usinitazame mimi, mwanangu. Nilikunyamazia siku ile ya chai, nikasema utapoa. Sasa naona nilikuwa nafuga kinyongo chako."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya," alisema Ndimu. "Kidonda kingemla mguu, mimi ndiye mbaya."

"Umesema kweli, na wewe ni mbaya," alijibu mdogo wake. "Yote mawili yanaingia ndani ya mtu mmoja, na wewe yamekuingia vizuri." Hakuwa anatania. Wote waliomzoea walisubiri kicheko kifuate, hakikufuata. "Usije dukani mpaka nikuite."

Wifi hakusema neno mchana ule. Alikaa karibu na dirisha, mkoba magotini, na Ndimu alimchukia kwa ukimya huo kuliko kwa maneno yote aliyowahi kumpa. Ndimu alipoondoka hakuna aliyemsindikiza hata mpaka getini.

Marhamu ikafanya kazi. Wachukuzi, wauguzi, wazee wenye kisukari, watu waliokuwa wametembea na bandeji mpaka wakasahau rangi ya ngozi yao ya chini, walianza kuona nyama mpya. Mkuu wa idara akapeana mikono na watu wenye tai. Na kila jioni Wifi alirudi nyumbani, akakunja mikono, akakiosha kidonda cha mumewe kwa maji ya chumvi, kama zamani.

Ndimu alimaliza adhabu aliyopewa na kamati, akarudishiwa ufunguo. Hakuitwa dukani. Alipita barabara ile mara kadhaa, upande wa pili, na aliona mgongo wa mdogo wake umeinamia cherehani. Alikuwa na miaka ya kutosha kujua kwamba angeweza kuvuka. Alikuwa pia na kiburi cha kutosha kumzuia. Akanunua nguo zilizoshonwa tayari.

Halafu Wifi akaanza kuunda peptidi ya pili. Hakumwambia mtu ni ya nani, na hakukuwa na haja. Alipunguza chaji chanya, akafupisha ule upande unaopenda mafuta, ili isishike mpaka ikutane na utando uliojaa chaji hasi kweli kweli, kama wa bakteria, si ule wenye kiasi kidogo kama wa selimundu. Kazi hiyo ilihitaji vifuko kila wiki, vilivyotofautiana kwa unywele. Haikuwezekana tena kupitisha kila ombi kwa mkuu. Wakarudi kuzungumza, wifi kwa wifi, na mazungumzo yao wanafunzi waliyakimbia.

"Hiki umekikausha vibaya, kina mafuta ya tabaka tabaka."

"Kitikise vizuri. Mkono wako ndio mbovu."

"Mkono wangu umefunga kidonda miaka yote hii."

"Sijauliza habari za mkono wako, nimesema tikisa."

Peptidi kadhaa zilikufa mikononi mwao. Moja haikugusa damu, lakini haikugusa bakteria pia. Nyingine iliua bakteria ikapasua na damu. Walilaumiana kwa kila moja, na kwa kila moja walirudi asubuhi.

Siku moja Wifi aliingia na kichupa cha damu kilichofungwa vizuri, chenye kibandiko na kibali kilichosainiwa. Ndimu alilitambua jina kabla ya kulisoma. Alinyoosha mkono kukipokea, kwa mazoea tu.

Wifi alikirudisha kifuani kwake.

"Amesema usiiguse."

Mkono wa Ndimu ulibaki hewani kidogo, kisha akautia kwenye mfuko wa koti. Alivuta kiti akaketi upande wake wa meza, akamtazama wifi yake akigawa damu kwenye vichupa, akitia peptidi mpya, akifunga mashine. Kelele za mashine zilijaa chumbani. Wote wawili walikuwa wanatazama kifuniko kilekile na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Maji ya juu yalitoka meupe. Hayakuwa meupe kabisa, palikuwa na wekundu wa mbali kama wa maji yaliyosuuzia kitambaa, lakini haikuwa ile damu ya kwanza. Wifi alikaa muda mrefu amekishika kichupa.

Jioni wakasoma sahani walizooteshea bakteria, zilizotiwa peptidi hiyohiyo. Nusu walikuwa wamekufa. Nusu walikuwa wameota kama kawaida.

"Nusu," alisema Wifi.

"Nusu," alisema Ndimu. "Rudisha chaji moja. Umepunguza mno."

"Nikirudisha, damu itapasuka."

"Irudishe mwisho wa mnyororo, si katikati. Katikati ndipo inapozamia."

"Wewe tengeneza vifuko. Kufikiri niachie mimi."

"Ukiachiwa wewe tutazeeka hapa."

Wifi alinyanyua kalamu, akaiandika ile chaji mwisho wa mnyororo, akaikata, akaiandika tena. Hakusema kwamba ni wazo zuri. Ndimu alikuwa ameshainuka, anatafuta chupa safi ya kukaushia mafuta, na alipokuwa anapita nyuma yake alichungulia begani akaona alichoandika.

"Vifuko vya namna gani?" aliuliza.

"Kama vya juzi. Ongeza kolesteroli kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Sema kama mtu aliyesoma."

Wifi akamtajia kiasi, kwa sauti ile aliyoitumia siku zote. Ndimu akageuka kwenye mizani, akaanza kupima.